Harusi Inayongoja Darubini

Nilikaa kwenye basi la Bawshar, nyuma ya wanawake wawili wasiojuana. Wa dirishani alipakata sahani ya halua. Alikuwa anakwenda kwa wakwe kuomba harusi ya binti yake, Ruqaya, iakhirishwe tena.

"Kwani bibi harusi anaumwa?" akauliza mwenziwe, mama wa miwani.

"Haumwi. Yuko ng'ambo kazini. Wamerusha darubini angani, sasa wanaitayarisha."

"Si ishafika juu? Inatayarishwa nini tena?"

"Kwanza ipoe, dada. Halafu vioo vyake vyote vikae sawa. Sasa hivi wakitazama nyota moja, wanaona kundi zima. Mpaka irudi kuwa moja, hawaanzi kazi."

Mie nilijua chai tu ndiyo hungojwa ipoe.

"Miezi yote hiyo kuikodolea nyota moja!" Mama wa miwani akacheka. "Wallahi wakwe watamtafutia kijana wao mke mwengine. Mwanangu Marwan alimtazama mchumba wake mara moja tu, alipoleta sinia ya kahawa. Wiki ile ile tukawaozesha."

"Mashaallah. Wanaendeleaje?"

Mama wa miwani akavua miwani yake, akaifuta taratibu kwa ncha ya shela.

"Mke karudi kwao."

Basi likasimama. Mama wa halua, ambaye njia nzima alikuwa hajui atawaambia nini wakwe, akainuka na sahani yake, akashuka upesi kama aliyekwishapata la kuwaambia.

"Lakini harusi ilifana!" mwenziwe akampigia kelele dirishani.