Marehemu Kumi na Mmoja wa Bi Earline

Tulikuwa kwenye basi la kwenda katikati ya New Orleans, Bi Earline wa kanisani kwetu akamwekea mzungu asiyemjua mfuko mapajani.

"Nishikie vizuri, baba. Humo mna marehemu kumi na mmoja."

Yule bwana alikauka. Mimi nyuma yao nilijua ni vijitabu vya mazishi, vile tunavyogawa kanisani, vyenye picha ya marehemu na majina ya jamaa aliowaacha.

"Kimbunga kiliezua paa langu tangu Agosti," alisema Bi Earline. "Ofisi ya misaada inataka hatimiliki. Nyumba alijenga babu, akawaachia wanawe, wote wametangulia, nimebaki mimi. Nani alikwenda kwa wakili? Sisi tulikwenda kanisani! Ushahidi wa urithi wangu ndio huo, vijitabu vya mazishi yao."

"Lakini mama, karatasi ni muhimu. Mimi nilijaza fomu, wiki mbili tu paa likatengenezwa."

"Unakaa wapi?"

"Kule mwinukoni, karibu na bustani."

"Maji yalifika?"

"Hapana. Ila upepo uling'oa vigae vinne."

"Vinne! Pole sana, baba. Mlilala wapi?"

Basi zima likaangua kicheko. Bwana akawa mwekundu hadi masikioni, ila mfuko hakuuachia, nikampa sifa kwa hilo.

"Na wakivikataa hivi?" aliuliza, basi liliposimama mbele ya ofisi.

Bi Earline alichukua mfuko wake. "Basi mwanangu ataleta cha kumi na mbili. Picha nimeshaichagua."