Ukuta Ulioanguka Haukuwa wa Apomi Saye

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio zenu, lakini msijinyooshe sana. Leo sina utulivu. Wingu limeshaanza kuwa jeusi kule tambarare, na mimi kila dakika nachungulia dirishani. Mnanijua. Ni Bamoye Karabenta, Mbozo, mtu wa kabila la wavuvi wa mtoni, mla samaki kama mnavyonitukana kila wiki, ninyi Wadogoni wala vitunguu. Leo tunamkumbuka mtani wangu, Apomi Saye, fundi mjenzi wa hapa Yandulu. Amefariki Alhamisi, akiwa na miaka sabini na mmoja.

Apomi Saye alijenga kwa mawe na udongo. Narudia: mawe na udongo. Mawe chini, ili unyevu usipande. Udongo juu. Udongo wenyewe aliuchanganya na makapi ya uwele, akaumwagia maji, akauacha shimoni wiki tatu uoze. Ulinuka, jamani! Ukipita pale unaziba pua. Yeye alichota donge, akalinusa taratibu, akasema, "Bado." Kesho yake tena, "Bado." Mkewe, Mama Yakunju, alikuwa akilalamika, "Mimi tangu nimeolewa sijawahi kunuswa hivyo!"

Na hakuwa mtu wa kukaa. Ukimkaribisha chai, anainywa amesimama, mkono mmoja unapapasa ukuta wako. Ghala alilipandisha kwa viganja tu, tabaka la shubiri moja kwa siku. Likauke kwanza, ndipo lifuate jingine. Ukimharakisha anakuuliza kama wewe ulizaliwa kwa siku moja.

Nyumba yangu aliijenga yeye. Ilikuwa nyumba nzuri, yenye ubaridi wakati wa joto. Lakini kila mwaka kabla ya mvua ukuta unataka kupakwa udongo upya, na mimi ni mvivu. Nasema ukweli, ni mvivu. Nikamfuata.

"Mtani, nipakie saruji."

"Saruji juu ya udongo? Maji yataingia yashindwe kutoka. Ukuta utaoza ndani kwa ndani, wewe huoni."

"Mbona maneno mengi? Nakuomba."

Akanitazama. "Unaniomba kama nani?"

"Kama mtani wako."

Hapo nilimfunga mikono. Mnajua wenyewe, Mdogoni hamkatalii Mbozo, wala Mbozo hamkatalii Mdogoni. Tunatukanana tutakavyo, lakini ombi la mtani halirudishwi. Alinipakia saruji huku ananung'unika, "Kichwa cha samaki hiki, kimejaa miba tu." Mimi nilicheka.

Msimu wa tatu wa mvua ukuta uliporomoka. Hakuumia mtu, Mungu anisamehe. Watu wakaja kuangalia. Wakasema, "Kumbe Apomi amezeeka. Kuta zake zinaanguka." Nami nilikuwepo pale, nimesimama kwenye kifusi. Sikufungua mdomo. Niliona aibu, basi. Naye Apomi hakuniumbua. Aliokota kipande cha saruji, akakigeuza, akakiweka chini, akaenda zake.

Tangu siku ile hakuna aliyemwita kujenga. Miaka sita, wasikilizaji wapendwa. Miaka sita hiyo mimi nimekaa mbele ya kipaza sauti hiki. Nimetangaza mbuzi waliopotea. Nimewasomea salamu za harusi. Hili sikulisema hata mara moja. Basi leo nasema, na narudia ili asikie hata aliye shambani: saruji niliitaka mimi. Apomi alinikanya. Ukuta ulianguka kwa kosa langu, Bamoye Karabenta.

Mwezi uliopita alinijia hapa hapa mlangoni, amekonda, anakohoa. Alikuwa anamjengea mkewe ghala jipya, likabaki tabaka moja la juu na paa la nyasi. Udongo wa tabaka hilo ulikuwa shimoni, unaoza. Akaniambia, "Nikiondoka kabla haujaiva, utaukanyaga wewe kwa miguu hadi ulainike, umalizie ghala."

"Mimi? Na miguu yangu hii ya mtoni?"

"Nakuomba kama mtani."

Siku ya mazishi, walipotaka kumpandisha kwa kamba hadi kwenye mapango ya wafu kule juu jabalini, tunakozika, niliidaka kamba kama tufanyavyo watani. Nikapiga kelele, "Hapandi huyu! Anipe kwanza vitunguu vyangu!" Watu wakacheka huku wanalia. Mama Yakunju hakucheka. Alinisogelea, akasema polepole, "Mtani ndiye mwenye ruhusa ya kusema kweli msibani. Wewe unapiga kelele tu." Niliiachia kamba.

Leo asubuhi nilikwenda kwake. Lile tabaka la juu bado halijawekwa. Uwele wake wa mwaka mzima umo ndani, umefunikwa kwa mkeka, na hakuna jirani aliyejitokeza, eti wataliguseje ghala la mtu ambaye kuta zake zinaanguka. Nikachota donge shimoni, nikanusa. Jamani, umeiva! Mimi nisiyejua kitu nimejua umeiva. Nikaanza kumweleza Mama Yakunju nitakavyosema leo redioni, nitaanza hivi, nitamaliza vile. Akanikatiza, "Kaseme, halafu uje. Nitakuwekea maji ya kuulainishia."

Mama Yakunju, na ukoo wote wa Saye, poleni sana. Poleni kwa msiba, na poleni kwa miaka sita niliyowaibia. Na wewe unayenisikiliza, jiulize ni jina la nani linachafuka kwa sababu umenyamaza. Mwenye miguu na aje kwa Mama Yakunju sasa hivi. Mwenye nyasi za paa na aje nazo.

Upepo umeanza, milango inagonga. Kipindi kilikuwa na dakika kumi zaidi, lakini nawaachia muziki. Viatu nimeshavivua.