Libère, opeje aliyemuuliza ndugu yake jina

Jamaa, majirani wa Buyenzi, na nyinyi wakubwa wa polisi muliokaa pale mbele kwenye kivuli: wamenichagua mi Bonfils, mudogo wa marehemu, nisome maisha yake, sababu sauti yangu haiombe mikro. Na nimeiandika mwenyewe. Wenye diplome walikuwa wanalia.

Libère Nsabiyumva alizaliwa tarehe 14 Machi 1971, Buyenzi, avenue ya munane, mutoto wa kwanza wa mama Epiphanie, huyu munayemuona hapa. Alipokuwa na miaka tisa, ndagala za mama, zile samaki ndogo, zilipotea mu sufuria. Libère alitupanga watoto wote mustari, akanusa midomo moja moja, akanikamata, ata kama nilikuwa nimetafuna kitunguu juu yake. Akaandika jina yangu na makaa ku mulango. Njo ilikuwa anketi yake ya kwanza. Hakulipwa kitu. Zile zingine zilizofuata, alilipwa kidogo kuliko vile munafikiri.

Shule alimaliza yote, sekondari mpaka diplome, mwaka wa 1994. Mi niliacha mu mwaka wa tano. Mwalimu alishukuru Mungu. Leo mi niko na garage, lifti mbili na vijana sita. Yeye alikuwa na diplome ku ukuta.

Tarehe 1 Februari 1999 aliingia polisi, akakuwa opeje: ule anayefanya anketi, anauliza mashahidi, anaandika pévé, ile karatasi ya maneno yao. Brigade yake haikuwa na gari, na karatasi ilikuwa ya kuomba. Kwa hiyo mutu akiibiwa, alilipa tena: mafuta ya kupeleka opeje, karatasi, kredi ya simu. Wenzake walikuwa wanapokea. Libère alikataa. «Mutu ameibiwa mara moja, inatosha,» alisemaka. Muzuri sana. Lakini njo vile alienda mpaka Buterere kwa mguu, mu matope ya mupunga, kuuliza shahidi wa kuku tatu. Pikipiki yake mwenyewe ilikufa moteri 2017, ikabaki nyuma ya nyumba, sababu fundi wa kuifufua mu Bujumbura nzima ni mi, na kwangu hakuileta.

Tarehe 22 Julai 2000 alioa Caritas. Mungu aliwapa mutoto mumoja, Joëlla, aliyemaliza droit, masomo ya sheria, mwaka huu.

Sasa ile ya 2017, munaijua wote, na sitaificha. Mazin, mufanya biashara wa mutaa wa Asiatique, aliibiwa demareri kumi na mbili mupya, zile za kuwasha moteri ya gari. Moja ilionekana kwangu. Mi nilikuwa nimeinunua kwa mutu, bila facture, karatasi ya kuonyesha nimelipa. Libère aliingia garage na mwenzake mumoja, vijana wangu wote wanaangalia, mwenzake akafungua kitabu.

«Jina?»

«Kaka, unaniuliza jina? Mama mumoja alituzaa!»

«Jina.»

«We njo uliiandika ku mulango na makaa!»

«Andika,» aliambia mwenzake, «shahidi anakataa kusema jina.»

Siku tatu mu kasho ya polisi, wamenifungia. Chakula alileta Caritas. Yeye hakupita ata kunisalimia. Siku ya ine walikamata mwizi wa kweli, mi nikatoka, na sikumusemesha kaka yangu miaka munane. Watu wanasema ku kilio unasamehe. Mi sijasamehe. Nasoma tu.

Sukari ilimushika 2022. Kidonda ku mguu, ile miguu ya Buterere, hakikupona. Mwezi wa kumi mwaka huu nilienda kumuona ku hospitali.

«Umekuja kunicheka?»

«Ego, ndiyo.»

«Basi cheka sasa, wakati bado nasikia.» Kisha akaniangalia. «Bonfils, ile facture ya demareri, uliipata?»

Alikufa Jumanne, tarehe 11 Novemba 2025, saa tatu ya asubui. Facture sijaipata.

Kesho yake, shefu wake Gaspard alikuja ku kilio na formuleri ya kuomba kazi ya polisi mukononi. Akaambia Joëlla: «Mutoto wangu, chukua nafasi ya baba. Jaza mbele ya Ijumaa. Kazi hii iko na mbele yake, wanataka vijana wenye diplome, gradi zinapanda, cheo juu ya cheo.»

Shefu Gaspard, nilikujibu mbele ya watu na nitarudia. Zinapanda wapi? Mi niko na kriki mu garage, inapandisha kamiyo mu dakika mbili. Kaka yangu mulimuandikia kwa gradi 2014, mukamuambia angoja kidogo. Amengoja miaka kumi na moja, leo mumemuletea maua. Mushahara yake ya mwisho niliona ku karatasi kwa macho yangu: faranga elfu mia tatu na kumi. Gunia moja ya muchele, mafuta ya kupika, mwezi umekwisha. Kijana wangu wa kubadilisha pneu za gari anamupita!

Nikamugeukia Joëlla. «Acha hiyo karatasi. Njoo kwangu uandike facture, nitakupa mara mbili.»

Mutoto akapangusa macho. «Baba mudogo, mi nikikaa kwako, we nani atakuuliza jina?»

Kilio yote ikacheka. Mi, Bonfils, mutu ambaye hakosake jibu, nilikunywa maji.

Joëlla alijaza formuleri Alhamisi, na kalamu ya baba yake. Mi siku ile nilikuwa nyuma ya nyumba, nafungua moteri ya ile pikipiki. Pistoni mupya, sheni mupya, na facture ya kila kitu iko hapa mu mufuko, kaka aje aisome. Pikipiki ni ya Joëlla: kama munamupa mushahara ya baba yake, wakubwa, Buterere hatamaliza na miguu, wala hataomba mafuta ya mutu aliyeibiwa.

Marehemu ameacha mama Epiphanie. Muke wake Caritas. Joëlla, opeje kama Mungu anataka na kama nyinyi wa pale mbele hamumungojeshe. Na ndugu mumoja. Jina: Bonfils. Kazi: fundi. Nimelisema, kaka, andika.

Kule umefika leo, zamu yako ya kuulizwa. Jibu muzuri. Na Mungu akiisha kukuuliza, akupe kitanda, akuache ulale mu amani.