Ukuta wa Tumbo la Pindo

Kijiwe chetu ni benchi la mbao mbele ya kibanda changu cha viatu. Mimi nashona soli, wenzangu wanashona uongo. Afande alikuwa mlinzi wa ghala hadi alipostaafu, na bado anakaa kama analinda kitu. Mhandisi hajawahi kuwa mhandisi. Alichanganya zege miaka ishirini. Pindo ni fundi cherehani wa mlango wa pili, mtu wa maneno machache, na siku hizi vidole vyake vimevimba hata cherehani ameifunika kitambaa. Tuna sharti moja tunalojivunia: ya nyumbani yabaki nyumbani. Asubuhi hiyo kahawa ilikuwa ya moto, na Pindo akatoa mfukoni kichupa chake cha dawa akakiweka benchini katikati yetu, kama kawaida yake ya siku hizi. Nasi, kama kawaida yetu, tukaanza.

Afande: Hebu rudia alivyosema daktari. Jana Mhandisi alikukatiza.

Pindo: Alisema askari wa kinga ya mwili wangu wananipiga mimi mwenyewe, kwenye viungo. Na huenda vurugu inaanzia tumboni. Utumbo una ukuta mwembamba sana, na ndani wamejaa bakteria, wengi wao wema tu, wanatusaidia. Ukuta ukilegea, vitu vyao vinapenya, askari wanashtuka, mwisho hawajui tena adui ni nani.

Mimi: Huenda?

Pindo: Ndivyo alivyosema. Wataalamu bado wanachunguza. Dawa hii ni ya kuwatuliza hao askari.

Mhandisi: Hapo pana cha kuchunguza? Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kunywa uji mzito, halafu lala chali saa mbili, usigeuke, ushike vizuri.

Mimi: Tumbo si sakafu.

Mhandisi: Wewe ulishawahi kuona nini zaidi ya kisigino?

Afande: Tatizo si ukuta, ni askari. Askari asiye na kazi hutafuta ugomvi. Pale ghalani tulikaa miezi sita bila mwizi, vijana wangu wakaanza kung'oana meno. Wape adui, Pindo. Maji ya mtaroni, kijiko kimoja tu.

Mimi: Utamuua mwenzio.

Afande: Mchagua jembe si mkulima.

Mhandisi: Na hao bakteria nao wamezidi kukaa. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi ningewatimua wote, niazime wa mbuzi. Ulishamwona mbuzi anaumwa vidole?

Mimi: Mbuzi hana vidole.

Mhandisi: Sasa unaona.

Tukacheka, na mimi nilicheka kuliko wote. Pindo alisubiri tumalize.

Pindo: Kwa hiyo dawa nimeze, au nisimeze?

Afande: Haraka haraka haina baraka. Ukiwalaza askari wote usingizi, ghala atalinda nani? Ngoja kwanza tulijadili tulimalize.

Pindo akakitazama kichupa. Wakati huo akafika mama mmoja kuchukua viatu vya mwanawe. Nilikuwa bado sijamaliza kugonga msumari wa mwisho, kwa hiyo Pindo akasogea, mama akaketi ukingoni mwa benchi. Akakiona kichupa, akakiokota na kukigeuza.

Mama: Samahani, hiki cha nani?

Pindo: Changu, dada.

Mama: Mbona hakijafunguliwa?

Kila mmoja wetu alikuwa bingwa wa tumbo la Pindo, lakini kwa hili tulikuwa mabubu. Utepe wa kiwandani ulikuwa bado umezunguka kifuniko, mzima kabisa, na mimi nilikuwa nimekitazama kila siku bila kuuona.

Pindo: Lazima ukibonyeze halafu ukizungushe. Vidole vyangu haviwezi.

Mama: Na nyumbani je?

Pindo: Nyumbani hakuna mtu. Shemeji yao hawa aliondoka tangu kabla ya mvua.

Mhandisi alikodolea macho kikombe chake. Mimi niliona aibu, tena aibu ya mtu mzima, ile isiyo na pa kujificha. Mama alikibonyeza kichupa, akakizungusha, akasoma maandishi, akampa Pindo kidonge kimoja na maji yake mwenyewe ya kunywa. Kisha akachukua viatu vya mwanawe, akatuaga kwa adabu tusiyoistahili.

Mimi: Ndugu yangu, kwa nini hukutuambia?

Pindo: Siku ya kumi na moja leo nakiweka hapa. Nilikuwa nangoja mmoja wenu anyooshe mkono.