Hajakonda, Hana Mafuta: Risala ya Wafugaji wa Chotara kwa Mkurugenzi wa Mifugo

Mgeni rasmi, Mkurugenzi wa Mifugo, mama mwenyekiti, ndugu wafugaji:

Kila neno lililomo humu ni kweli tupu. Katibu wetu, fundi saa mstaafu, ndiye aliyeandika na ndiye anayesoma, na ameapa mbele ya mkewe, ambaye si mtu wa kuapiwa ovyo.

KARIBU

Karibu zizini. Samahani kwa harufu. Tumefagia mara mbili, wenye zizi wamechafua mara tatu.

TULIKOTOKA

Miaka minne iliyopita, kiangazi kilipokausha mabonde, dume la kondoo mwitu lilishuka majabalini. Pembe zimejizungusha mara mbili, kifua kama mlango. Lilinywa maji kwenye hori la majike wetu, likakaa wiki tatu. Hatukulifunga. Nani angelisogelea? Tulisimama tumevua kofia, hakuna aliyejua kwa nini.

TULICHOJIONEA

Baada ya miezi mitano wakazaliwa chotara. Walisimama kabla mama zao hawajamaliza kuwalamba. Mgeni rasmi, sisi tuliofuga maisha yetu yote hatukuwahi kuona jambo hilo.

Leo wako ishirini na watatu. Nyama yao ni mnofu mtupu. Ukiikaanga bila mafuta yako, itaungua. Mmoja wao, kipenzi cha katibu, tunamwita Springi. Huyo aliruka paa la ofisi yetu hii iliyo kando ya zizi, akiwa na kiazi mdomoni.

KINACHOTUKWAMISHA

Neno moja. Kule machinjioni mkaguzi wa nyama, binti mpole, hubonyeza mkia kutafuta mafuta.

"Mzee wangu, kondoo wako amekonda."

"Hajakonda, mwanangu. Hana mafuta."

"Fomu ina 'amenona' na 'amekonda'. La tatu niliandike wapi, kwenye kipara chako?"

Aliyekonda huhesabiwa mgonjwa, akachinjwa na kufukiwa. Tumeshafukia sita, wazima kabisa, waliokuwa wakipigana vichwa asubuhi ileile.

TUNACHOOMBA

Fomu iongezwe neno la tatu: "hana mafuta". La sivyo, hawa ishirini na watatu watawafuata wale sita.

NYONGEZA, kwa amri ya mama mwenyekiti, leo asubuhi

Springi hakuruka paa. Aliruka uzio wa kufika kiunoni, tena bila kiazi. Mwenyekiti alipoipitia risala hii alimwambia katibu:

"Shemeji, mgeni akilitazama hilo paa, ataamini nini tena humu? Chumvi yako itafukia zizi zima. Lipa!"

Katibu amelipa kwa kipenzi chake. Springi amefungwa pale mlangoni. Tunaomba achinjwe leo mbele yako na mbele ya mkaguzi, ini na mapafu yatazamwe, ujionee mwenyewe kama huyu ni mnyama mgonjwa. Katibu anaomba jambo moja tu: mtu mwingine ashike kamba.

Mungu akujalie jicho la kuuona uzima hata pale mkono unapokosa mafuta, na akurudishe nyumbani salama.

Ni sisi,
Umoja wa Wafugaji wa Kondoo Chotara