Chumba cha Viti Viwili

Mgeni rasmi, Mganga Mkuu wetu, wauguzi wetu, na majirani, mliokuja kwa ajili yetu na mliokuja kwa ajili ya soda:

KARIBU KWETU

Karibu, mgeni wetu, ukae kitako. Sisi ndio wagonjwa wa presha, sukari na vifua tunaokaa benchi la ukutani, nje ya chumba cha mwisho. Furaha yetu leo ni kubwa, hata walioambiwa wapumzike nyumbani wamekuja.

TULIKOTOKA

Zamani, mgeni rasmi, hapa tulikuwa tunagombezwa. Unaingia, unaambiwa, "Acha sigara, punguza chumvi, utakufa. Mwingine!" Nasi tukajua dawa yake ni uongo: kila mtu alikuwa ameshaacha kila kitu. Fundi seremala wetu, yule pale anayejifanya hatajwi yeye, alikuwa akitoka humu na hofu tele, na hofu yenyewe akiituliza kwa sigara palepale getini. Ametupa ruhusa tuseme.

Ndipo akaja muuguzi huyu wa chumba cha mwisho. Siku ya kwanza Fundi akamwambia, "Mimi nimeacha kabisa, mama." Masikini, sikio moja lilikuwa na penseli, la pili lina sigara.

Muuguzi hakucheka. Akasema, "Naona haijawashwa. Umewezaje tangu asubuhi?"

Tangu azaliwe hakuna aliyewahi kumsifu Fundi kwa habari ya sigara. Akaeleza kwamba kila akimbeba mjukuu wake, mtoto huziba pua kwa harufu ya moshi.

"Kati ya sifuri na kumi, uko tayari kiasi gani kuacha?"

"Labda mbili."

"Kwa nini si sifuri?"

Hapo ndipo mambo yalipogeuka. Mtu aliyezoea kuitetea sigara alijikuta anamtetea mjukuu. Muuguzi alimsikiliza, akamrudishia maneno yake mwenyewe, kisha akamwuliza angependa kuanzia wapi. Fundi alichagua sigara ya asubuhi.

TULICHOVUNA

Siku hizi sikio moja la Fundi liko wazi. Aliteleza mara kadhaa, lakini alikuja kusema ukweli bila kutafuna pipi za mnanaa kwanza. Mjukuu sasa humlalia begani. Viti vya chumba kile alivichonga yeye, viwili, kimo kimoja, bila meza katikati.

Shangazi yetu wa hapa benchini naye amejifunza kuuliza badala ya kuamuru, ingawa bado huuliza hivi: "Nimekuuliza kwa upole, unaacha lini? Jibu!" Tunaendelea naye pole pole.

CHANGAMOTO

Tumesikia kwamba ofisi yako, mgeni rasmi, inataka chumba kile kigeuzwe stoo ya mafaili, na muuguzi apelekwe dirishani kugawa dawa, kwa kuwa anakaa muda mrefu na kila mgonjwa. Ni kweli, anakaa, na foleni tunaivumilia sisi wenyewe. Fundi tangu asikie habari hii hana raha. Juzi aliazima kiberiti, akakishika, akakirudisha. Ametutuma tukwambie waziwazi kwamba anaogopa.

OMBI

Shangazi alikuwa ameandika madai makali ya ukurasa mzima. Tumeyaacha nyumbani. Kama kugombezwa hakukutubadilisha sisi, kutakubadilisha vipi wewe?

Badala yake tumevileta vile viti, hivyo hapo mbele yako. Kimoja ni chako. Kingine atakikalia Fundi, naye ana swali moja: kati ya sifuri na kumi, uko tayari kiasi gani kutuachia chumba chetu?

Mungu akujalie afya, mgeni wetu, na siku utakapoelemewa akupe mtu wa kukusikiliza. Na ukijibu mbili, usione haya. Fundi hatakugombeza. Atakuuliza tu kwa nini si sifuri.

Ni sisi wako,
Benchi la Ukutani.