Dada Yetu Aliyetoboa Vitabu

Ndugu, jamaa, majirani na wafanyakazi wenza wa marehemu, familia imenipa kazi hii kwa kuwa mimi ndiye kitinda mimba, na pia kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa msomaji wake wa kwanza, nikachungulia tundu alilolikata kwa mkasi katika daftari lake la hesabu ili nione simba aliyekuwa amejificha ukurasa wa pili, na simba huyo alinitisha hasa.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Aprili 1953, mtoto wa tatu kati ya watano, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya baba yetu, fundi cherehani, ambako alijua kukunja na kukata kabla hajajua kusoma. Alisoma shule ya msingi mwaka 1960 hadi 1966, ambapo daftari lile lilimponza akafagia darasa wiki nzima huku wenzake wakipanga foleni kulichungulia, kisha sekondari mwaka 1967 hadi 1970, na chuo cha sanaa mwaka 1971 hadi 1973.

Tarehe 4 Februari 1974 aliajiriwa katika kiwanda cha kuchapa vitabu, chumba cha wachoraji, ghorofa ya pili, juu kabisa ya mashine, meza zikitetemeka kutwa. Hakukiamini kitabu mpaka kipite mikononi mwa watoto, hivyo alishona nakala ya majaribio isiyo na neno hata moja, akaipeleka chekechea ya jirani, akakaa pembeni kimya, na kila pahali kidole cha mtoto kilipogusa akaweka nukta nyekundu, kisha akarudi mezani kuzihamisha picha zifuate nukta. Akitaka mtoto ageuze ukurasa, alichora mkia tu ukingoni, mwenye mkia akamweka upande wa pili. Akitaka atulie, aliweka kijilango cha karatasi cha kufunua. Alituambia kwamba picha isiyomwachia mtoto kazi ni bango la dukani.

Mwezi Agosti 1976 karatasi ziliingia kichwa chini katika mashine ya kutoboa, na tundu lililokusudiwa kuwa shimo la panya ukutani likaangukia mdomoni mwa bibi, nakala elfu nne nzima. Meneja aliamuru zichanwe, lakini dada aliona upande wa nyuma ungali mweupe, akaomba siku tatu, akachora panya asiye na mkia achapwe hapo, ikawa mtoto akipitisha kidole kutoka nyuma bibi anatoa ulimi, na akikipitisha kutoka mbele panya anapata mkia. Nakala zote ziliisha kabla shule hazijafunguliwa, wazazi wakalalamika kwamba watoto wamekosa adabu, na dada akapata jina la Mama Tundu.

Tarehe 17 Desemba 1977 alifunga ndoa na shemeji yetu huyu aliyeketi mbele, msahihishaji wa kiwanda kile kile, mtu mwema mwenye kasoro moja, kwamba kitabu chochote hukianza kwa ukurasa wa mwisho. Kwa miaka arobaini na sita dada alikunja, akagundisha na kushona miisho ya vitabu vyake ili asichungulie, naye akachungulia, maana la kuvunda halina ubani. Walijaliwa binti, tarehe 3 Mei 1979, ambaye ni mwalimu wa chekechea, na mwana, tarehe 22 Oktoba 1983, fundi wa mashine za kuchapa, na wajukuu watano, wote mafundi wa kutoa ulimi.

Mwezi Septemba 2023 moyo wake ulianza kuchoka, akalazwa mara tatu, na hata kitandani aliendelea kukata na kushona kitabu kimoja ambacho shemeji alikatazwa kukiona. Alifariki Jumapili, tarehe 2 Juni 2024, saa nne asubuhi, akikiacha kimefungwa kwa uzi, juu kimeandikwa "Cha mume wangu".

Siku nne shemeji alikaa nacho mapajani bila kukifungua, chakula hali, nasi tukaogopa tutawazika wawili. Nilipomsihi, alinijibu, "Nikiuona mwisho wake, atakuwa amekwisha kweli."

Leo asubuhi alisema atampa heshima aliyomnyima miaka yote, aanze ukurasa wa kwanza kama watu wengine. Akakata uzi, akafunua, na hapo pameandikwa kwa mkono wa dada: "Umekosea, mume wangu. Hiki kinaanzia nyuma, kama unavyopenda."

Shemeji alicheka mpaka miwani ikamdondoka, kisha akalia, nasi tukalia naye, kisha akaomba chai.

Tunawashukuru madaktari, muuguzi aliyemwazima mkasi na hajarudishiwa, majirani waliotupokea mizigo, na wafanyakazi wenzake waliozima mashine asubuhi hii ili meza za ghorofa ya pili zitulie kidogo.

Dada, shemeji amekigeuza kitabu, amefungua kijilango cha kwanza, na amesema atafungua kimoja kila Jumapili, bila haraka. Pumzika kwa amani, safari hii hachungulii.